Siku nane, gari dogo na watoto wawili: zungukeni Tanga

Swali la msomaji: Mimi na mwenzangu ni walimu, tunaishi Dodoma. Likizo ya Juni tuna siku nane, watoto wawili wa miaka 9 na 14, na gari dogo la kawaida. Kila orodha ya mahali pa lazima kutembelea Tanzania inarudia Serengeti, Ngorongoro, Kilimanjaro na Zanzibar. Tungependa watoto waone msitu, bahari na historia, kwa mfuko wa mwalimu. Twende wapi, na mambo gani huharibu safari za namna hii?

Jibu: Mwalimu, nendeni Tanga, na siku zote nane zimalizieni huko. Serengeti haina mpinzani kwa wanyama, ila kwa gari lenu mtalazimika kukodi lingine la kuvuta matairi yote manne, na siku mbili tatu zitaliwa na barabara. Mkoa wa Tanga una mzunguko wa kilomita 400 na ushei, sehemu kubwa lami, wenye misitu ya milimani isiyo na mfano, nchi ya Wasambaa, mapango, makaburi ya Waswahili wa kale, na fungu la mchanga linaloibuka baharini asubuhi na kuzama alasiri.

Wengi wakiupanga mzunguko huu huanza na majina ya mahali, wakayapanga kwa jinsi yanavyofuatana kwenye ramani. Ninyi anzeni na mwezi wa angani. Katika safari yote kuna mahali pamoja tu pasipomsubiri mtu, napo ni Maziwe, fungu la mchanga lililo mbele ya Pangani. Siku ya Maziwe ikishajulikana, siku nyingine zote hujipanga nyuma yake.

Kwanza, maji

Pwani yetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, ndipo bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na tofauti ya juu na chini hupita mita 3. Katikati ya vipindi hivyo, mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu, ambapo tofauti hupungua sana. Nyakati husogea mbele kwa dakika 50 hivi kila siku.

Jambo ambalo wageni wa bara hawalijui ni kwamba katika pwani hii bamvua ina saa zake. Siku za bamvua maji hupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, na kujaa mnamo saa kumi alasiri. Wiki ya maji mafu mambo hugeuka: asubuhi saa nne maji yamejaa, na kupwa huangukia alasiri. Sasa ongeza upepo. Juni ni msimu wa kusi. Mara nyingi kusi hupoa alfajiri, huamka kadiri jua linavyopanda, na kufikia saa saba mchana bahari ya nje imeshachafuka. Mkienda wiki ya maji mafu, fungu la Maziwe litakuwa wazi zaidi saa ile ile ambayo hakuna nahodha mwenye akili atakayewapeleka watoto huko. Mkienda wiki ya bamvua, bahari tulivu na fungu kavu hukutana asubuhi moja.

Kwa hiyo fungua kalenda ya mwezi ya Juni. Tafuta siku ya mwezi mpevu au ya mwezi mpya, ongeza siku moja au mbili, kwa kuwa bamvua huchelewa kidogo nyuma ya mwezi. Hiyo ndiyo siku yenu ya Maziwe, na katika mpango huu ni siku ya saba. Rudi nyuma siku sita, hapo ndipo mnapoondoka Dodoma. Jedwali la maji kujaa na kupwa la bandari ya Tanga linapatikana mtandaoni. Mpe wa miaka 14 kazi ya kulisoma na kuandika saa za kila siku, na atakapoona bahari ikitii hesabu yake hatasahau somo hilo.

Dodoma hadi Korogwe

Siku ya kwanza ni ya barabara tu: Morogoro, Chalinze, Segera, Korogwe, kilomita 530 hivi. Hesabu saa nane hadi tisa, si saa sita kama ramani ya simu inavyodai, kwa sababu vijiji vyenye kibao cha 50 ni vingi na tochi za trafiki haziangalii nani yuko likizo. Kipande cha Chalinze hadi Segera kina malori mengi, kwa hiyo kipite kabla ya giza. Ramani inaweza kuwashawishi mpitie mkato wa Kongwa, Kibaya na Handeni. Kwa gari dogo msiufuate bila kuwauliza madereva wa mabasi wanaopita huko kila siku.

Laleni Korogwe au Mombo. Kupanda Lushoto usiku hakuna faida yoyote: barabara ni nyembamba, kona zimefungana, na ukungu hushuka jioni.

Lushoto, siku mbili

Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33 za lami, na mnapanda kutoka joto la tambarare hadi mita 1,400 hivi juu ya bahari. Watoto wale chakula chepesi kabla, wakae wakitazama mbele, simu ziwekwe kando. Kichefuchefu cha kona hizi huletwa na macho yaliyoganda kwenye kioo huku mwili ukiyumba. Pumzikeni Soni, mtazame maporomoko yaliyo karibu na barabara, kisha mwendelee.

Tahadhari kubwa ni siku ya kushuka. Dereva wa tambarare hushuka akiwa amekanyaga breki muda wote, breki zinapata moto, harufu ya kuungua inatokea, na mwisho mguu unazama bila gari kushika. Shuka kwa gia nzito, ya pili au ya tatu, injini ndiyo iwe breki. Gari la otomatiki liweke kwenye 2 au L. Harufu ikishatokea, simama mahali pana angalau dakika 20 na usimwagie maji magurudumu.

Alasiri ya siku ya pili nendeni Irente, kilomita 6 hivi kutoka mjini. Ni ukingo wa mlima. Mbele ya miguu ardhi inakatika karibu mita 1,000 hadi Mazinde, na mashamba ya mkonge na nyika ya Wamasai yanaonekana kama mkeka uliotandikwa. Hakuna ukuta wa maana wa kumzuia mtoto, kwa hiyo wa miaka 9 ashikwe mkono. Nendeni baada ya saa tisa, kwa kuwa asubuhi za Juni mara nyingi ni ukungu mtupu na mtalipia kutazama weupe. Njiani kuna shamba la Irente, ambako huuzwa jibini, mikate na jemu za hapo hapo, na ni mahali pazuri pa kula mchana.

Siku ya tatu ni ya msitu wa Magamba, kilomita chache juu ya mji. Ingieni asubuhi na mwongozaji. Mtasikia mbega kabla ya kuwaona: sauti yao inakoroma kama pikipiki inayokataa kuwaka. Kima nao wamo. Juni huku ni baridi kweli kweli. Familia za Dodoma huzoea baridi kavu yenye upepo, ila ya Lushoto ina unyevu, inaingia kwenye shuka. Bebeni masweta, soksi za kulalia, na uliza chumba kama kina blanketi la pili kabla hujalipa.

Kabla hamjashuka, waelezeni watoto wako nchi ya nani. Wasambaa walitawaliwa na ukoo wa Wakilindi, na simulizi yao inaanza na Mbegha, mwindaji wa nguruwe mwitu aliyetoka Nguu, akiwagawia watu nyama nao wakimpa chakula cha shamba, akawaamulia kesi zao, akaua simba, mwishowe wakamfanya mfalme. Makao makuu yalikuwa Vugha. Humo ndimo Kimweri ye Nyumbai alimokaa hadi kufa kwake 1862, wakati nguvu yake ilipokuwa imefika hadi pwani. Vugha ipo upande wa Soni, na mkiwa na saa tatu za ziada inafaa, lakini hakikisheni mmetanguliza ujumbe kwa wazee wa hapo kupitia mwongozaji wa Lushoto. Hapo ni nyumbani kwa watu na mahali pa heshima yao, hapaingiwi tu na kamera. Mtae, kijiji cha ukingoni kaskazini, ni pazuri kuliko Irente kwa macho yangu, ila kwenda na kurudi kunakula siku nzima. Safari hii muiache.

Amani, ndiyo moyo wa safari

Ningeambiwa nichague mahali pamoja katika mkoa mzima, ningechagua hapa. Siku ya nne shukeni Mombo alfajiri, mpite Korogwe na Segera hadi Muheza, kisha mwingie barabara ya Amani, kilomita 35 hivi.

Usambara ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, mlolongo wa milima ya kale unaoanzia Taita, Kenya, na kuishia kusini mwa Tanzania. Pepo za Bahari ya Hindi huipiga na kuimwagia mvua. Amani hupata milimita 1,900 hivi kwa mwaka, zaidi ya mara tatu ya Dodoma. Hali hiyo ya unyevu imedumu muda mrefu mno, hata zama ambazo sehemu kubwa ya Afrika ilikauka, na kila mlima umezungukwa na nyika kama kisiwa kilivyozungukwa na bahari. Mimea na viumbe vilivyobaki juu vilikosa pa kwenda, vikageuka kwa njia zao. Ndiyo maana kuna vinyonga, vyura, ndege na maua ya hapa tu.

Maarufu kuliko yote ni ua dogo la zambarau linalouzwa ndani ya vyungu madirishani huko Ulaya na Marekani. Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wa wilaya ya Tanga, alilipeleka kwao mwanzoni mwa miaka ya 1890, nao wakaliita Saintpaulia kwa jina lake. Mamilioni ya watu wamelilea ndani ya nyumba bila kujua kwao ni wapi. Mwambie mwongozaji mapema kwamba mnataka kuliona porini. Hukua kwenye miamba yenye kivuli na unyevu karibu na vijito, na mtu asiyejua mwamba upi atapita mita mbili pembeni bila kuliona. Msiling'oe hata jani, kwa sababu lote lililobaki porini liko kwenye vipande vidogo vidogo vya msitu.

Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wa kilimo hapa 1902, wakapanda miti kutoka pande zote za dunia. Bustani hiyo bado ipo: karafuu, mdalasini, mianzi mikubwa, na miti mirefu yenye vibao. Waonyesheni watoto pia upande wa pili wa habari. Mmoja wa miti iliyoletwa, Maesopsis, ulitoka nje ya bustani, ndege na wanyama wakabeba mbegu zake, na leo umeingia ndani ya msitu wa asili na kuchukua nafasi ya wenyeji. Mkitembea na mwongozaji anayejua, atawaonyesha mpaka ulipofika. Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani ilitangazwa 1997, nayo ina hekta zaidi ya 8,000 zikiwa zimechanganyika na mashamba ya chai na vijiji.

Sasa barabara. Hadi Zigi, palipo na lango na kituo cha wageni, gari dogo hufika kama kuna ukavu. Zigi ndipo ilipokuwa ikiishia reli nyembamba ya Wajerumani kutoka Tengeni, iliyojengwa kwa ajili ya kutoa magogo. Kilomita za mwisho hadi Amani ni mlima mkali wa udongo mwekundu. Udongo huu ukilowa huwa kama sabuni: gurudumu halizami, linateleza tu, na gari linarudi nyuma kuelekea korongo. Masika huisha Mei, lakini mlima huu hunyeshewa hata Juni. Sheria ni fupi: kama imenyesha ndani ya siku mbili zilizopita, gari libaki Zigi au Muheza na ninyi mpande basi la kijiji au gari la kukodi. Mnaweza hata kulala Zigi, kwani njia za msituni zinaanzia hapo hapo na mto upo.

Usiku ombeni matembezi ya saa moja na nusu ya kutafuta vinyonga. Mchana kinyonga haonekani kirahisi. Usiku hulala kwenye ncha za matawi membamba, rangi yake inapauka, na tochi ikimpiga anang'aa. Kinyonga wa pembe tatu wa Usambara yumo humu. Msimshike wala msilitikise tawi, na tochi isimkae machoni. Vaeni viatu vya kufunika, suruali ndefu iliyochomekwa ndani ya soksi, kwa sababu ya siafu. Mkiona mstari wao njiani, ruka, usisimame juu yake kuuliza ni nini.

Kuhusu malipo: hifadhi na maeneo ya serikali hayapokei fedha mkononi. Mnapewa kontroo namba, mnalipa kwa simu au benki, mnaonyesha risiti. Mlimani mtandao hukatika. Pigeni simu siku moja kabla, mpewe namba, mlipe mkiwa Muheza. Kiingilio huhesabiwa kwa kichwa, mwongozaji mara nyingi kwa kundi, kwa hiyo mkikutana na familia nyingine mnaweza kugawana. Bebeni vitambulisho vya taifa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, hata nakala. Bila uthibitisho wa uraia mnaweza kuandikiwa bei ya mgeni.

Mjini Tanga na Amboni

Siku ya tano tembeeni msituni asubuhi, shukeni mchana. Kutoka Muheza hadi Tanga ni kilomita 35. Mapango ya Amboni yako kilomita 8 hivi kaskazini ya mji, pembeni mwa barabara ya Horohoro, na kwa kuwa ndani ni giza wakati wote, alasiri inatosha. Ni mawe ya chokaa yaliyokuwa chini ya bahari enzi za Jurasiki, zama za dinosaria, maji yakayatafuna taratibu. Mwongozaji atawaambia kwamba njia moja inatokea Mombasa na nyingine Kilimanjaro. Furahieni simulizi, lakini vipimo vilivyofanywa 1994 vilionyesha pango refu kuliko yote lina mita 900 hivi. Mtaonyeshwa pia alipojificha Osale Otango, mtu aliyewasumbua wakoloni miaka ya 1950, na mahali ambapo watu huweka sadaka za mizimu. Msiguse kilichowekwa hapo. Kila mtu awe na tochi yake, maana ya simu peke yake haitoshi, na mwenye kuogopa mahali pembamba aseme mapema kwa sababu kuna sehemu za kupita kwa kuinama.

Mjini jioni kuleni samaki wa kupaka, na mkipata nyumba inayopika bada, ule ugali wa muhogo, agizeni hata kwa kuonja. Asubuhi mtazame jengo la boma la zamani lenye makumbusho ya Urithi. Silikanti, samaki wa kale aliyeanza kunaswa na wavuvi wa Tanga miaka ya 2000 na kusababisha hifadhi ya bahari kutangazwa 2009, hamtamwona: anakaa chini sana. Atakayewauzia safari ya kumtazama anawadanganya.

Tongoni, kisha Pangani

Siku ya sita fuateni barabara ya Pangani. Kilomita 17 hivi kutoka Tanga kuna Tongoni, na hapa ndipo wengi hupita bila kusimama. Kuna msikiti wa karne ya 14 au 15 na makaburi zaidi ya 40, mengi yakiwa na nguzo. Hakuna mahali pengine katika pwani yote penye makaburi ya nguzo mengi hivi kwa pamoja. Zamani mji uliitwa Mtangata. Tazameni nguzo kwa makini: mashimo ya duara mnayoyaona yalikuwa na sahani na bakuli za kigeni zilizopachikwa kama pambo, zikaondolewa na watu miaka mingi iliyopita. Ushahidi kwamba watu wa hapa walinunua vyombo kutoka Uchina na Uajemi ni hilo tundu lililobaki. Katika miamba ya karibu ndipo Vasco da Gama alipoiteketeza meli yake, São Rafael, Januari 1499, kwa sababu ugonjwa wa kiseyeye ulikuwa umewaua mabaharia wengi kiasi kwamba hakuwa na watu wa kuiendesha. Kuta ni za matumbawe na chokaa, na plasta yake inamomonyoka ukiigusa. Watoto wasipande juu ya kaburi kupiga picha. Wako watu wanaokuja hapa kuomba dua.

Pangani ni mji mdogo uliochoka, na ndani ya uchovu huo kuna mengi. Upinzani dhidi ya kampuni ya Kijerumani uliwaka hapa 1888, na aliyeuongoza, Abushiri bin Salim, alinyongwa hapa hapa tarehe 15 Desemba 1889. Ng'ambo ya mto, Kikogwe, ndipo ilipopandwa mikonge ya kwanza ya nchi hii: 1893 Richard Hindorf aliagiza miche 1,000, ikafika hai 62, na mashamba yote mliyoyapita njiani yalianza na hiyo 62. Vaeni kwa staha mkitembea mjini. Khanga moja begani inafungua milango mingi.

Mvuke mto na mlale Ushongo, kilomita 16 hivi kusini, au mbaki mjini kama bei ya hoteli za ufukweni inawashinda. Ujenzi wa barabara ya pwani na daraja la Pangani umebadilisha mambo mengi upande huu, kwa hiyo siku hiyo ulizeni njia inayotumika na saa za kivuko.

Maziwe

Miaka ya nyuma Maziwe ilikuwa kisiwa chenye miti. Bahari ikala kingo zake, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 ikabaki fungu la mchanga tupu, linalofunikwa maji yakijaa sana. Ni eneo tengefu la bahari tangu 1975. Kasa hawajaarifiwa kwamba kisiwa kimezama: bado hupanda usiku kutaga, na mayai yangeoza kwa maji ya chumvi kama watu hawangeyakusanya na kuyafukia tena Ushongo, juu ya mstari wa maji. Huanguliwa baada ya siku 50 hadi 60 hivi. Ulizeni siku mnapofika kama kuna kiota kinachotarajiwa. Mkibahatika watoto watawaona kasa wadogo wakikimbilia bahari. Msiwabebe hadi majini. Waacheni watembee wenyewe juu ya mchanga.

Ondokeni ifikapo saa moja na nusu asubuhi. Siku ya bamvua ufukwe wa Ushongo hukauka mbali sana, na chombo kilichochelewa hubaki mchangani hadi maji yarudi. Boti hukodiwa zima, si kwa kichwa. Kabla ya kukubaliana ulizeni mambo manne: kama bei ina ada ya eneo tengefu ndani yake, kama kuna jaketi okozi la saizi ya mtoto wa miaka 9 (mlivalishe ufukweni mlione, msiahidiwe tu), kama miwani ya kuzamia inabana uso bila kuvuja, na kama kuna injini ya pili au simu yenye mtandao. Nahodha akisema leo hapana, msimbembeleze na msimtafute mwingine atakayesema ndiyo. Siku hiyo geuzieni mtoni: safari ya boti juu ya mto Pangani, katikati ya minazi, haina mawimbi na watoto wanaweza kuona mamba.

Kwenye fungu hakuna kivuli hata cha kikapu. Maji ya kunywa lita mbili kwa kila mtu, kofia, nguo ya mikono mirefu ya kuogea. Ingieni kutazama matumbawe katika saa moja kabla na saa moja baada ya kupwa kabisa. Siku za bamvua mkondo huwa mkali maji yanapokuwa njiani, na hutulia pale yanaposimama. Msisimame juu ya mwamba: tumbawe linavunjika, na viumbe vya miba mirefu myeusi vilivyojificha humo huacha vipande ndani ya nyayo. Saa sita mtakuwa mnaondoka. Mkiwa nchi kavu saa nane, tazameni nyuma. Fungu mlilokuwa mmekaa limekwisha.

Mliyoyaacha, na kurudi

Saadani iko jirani, na mtashawishika. Ni hifadhi nzuri, pori linagusana na bahari, lakini udongo wake mweusi ukilowa hunasa hata magari makubwa, na Juni bado haujaaminika. Kama watoto wanadai tembo na twiga, ongezeni siku moja mkirudi, mkate kona Morogoro kwenda Mikumi, ambako wanyama huonekana hata kutoka barabara kuu.

Dawa za mbu zianze kutumika tangu usiku wa kwanza Korogwe au Mombo, kwa sababu tambarare hii, Muheza na pwani nzima ni nchi ya malaria. Homa yoyote baada ya kurudi, hata wiki kadhaa baadaye, ipimwe, isitibiwe kwa kubahatisha.

Baada ya Maziwe ogeni, kuleni, mvuke mto, mlale Muheza, kilomita 45 kutoka Pangani. Alfajiri ya siku ya nane ni safari ndefu ya nyumbani, kwa hiyo machungwa nunueni jioni hiyo. Juni ndipo msimu wake unapopamba moto. Msidanganywe na rangi: chungwa la Muheza huiva ganda likiwa bado la kijani, kwa sababu usiku wa huku hauna baridi ya kuligeuza manjano. Chagueni lililo zito mkononi na ganda lake laini, na yawekeni kwenye gunia la kupitisha hewa, maana kwenye mfuko wa plastiki yatafika Dodoma yameanza kuota ukungu.